SOMO: Namna ya kugawa uongozi kwa walimu shule ya kanisa (nimechoka kuulizwa inbox)

Jamani kila wiki kuna mtu amepewa shule ya kanisa huku Uganda, Tororo ama Busia, ananipigia, swali ni lile lile, "mwalimu nimechoka, naanzaje kuwagawia wenzangu?" Naandika mara moja tu, atakayeniuliza tena namtumia hii. Mimi ni hedimasta wa shule ya msingi ya bweni miaka tisa sasa, si mtaalamu, nimeharibu tu mara nyingi kuliko nyinyi.

Hatua ya 1. Wiki nzima andika kwenye daftari kila kitu unachoamua, hata nani amepewa chaki. Utashtuka.

Hatua ya 2. Toa visivyogawika. Sahihi yako ya benki, ripoti kwa kamati ya shule (sekondari ni bodi), na kesi yoyote ya mtoto kuumizwa. Hivyo ni vyako, ukivitupia naibu umemkimbia tu. Na kumbuka Sheria ya Elimu ya 2008 inalitambua kanisa lililoanzisha shule, lina watu wake kwenye kamati, kwa hiyo waambie mapema unachotaka kufanya, wasisikie kwa wakristo Jumapili.

Hatua ya 3. Angalia mtu, si cheo. Matroni wetu hana karatasi nyingi lakini anajua mtoto gani halali usiku na kwa nini, sasa mambo ya bweni umpe DOS (mwalimu mkuu wa taaluma) kwa sababu ana digrii?

Hatua ya 4. Andika mipaka. HAPA SOMENI VIZURI. Mwaka wangu wa pili nilimpa naibu nidhamu yote, nikatangaza kwenye mkutano, chapleni akaomba, makofi. Wiki ya tano naibu akamrudisha nyumbani siku nne mtoto wa P.6 (darasa la sita) aliyeruka ukuta usiku. Kesho yake baba mtu akaja, ni mtu mzito pale kanisani, akakaa ofisini, akaletewa chai, na chai haijaisha mimi nishasema mtoto arudi darasani. Naibu sikumwita. Alikuja kumwona mtoto saa saba kwenye foleni ya posho na sahani yake. Hakugomba hata kidogo, na hiyo ndiyo mbaya, manake kuanzia siku ile kila kitu kikawa "ngoja hedimasta", mpaka ufunguo wa choo cha walimu naulizwa mimi. Temu mbili zilipita ndipo akaanza tena kuamua kitu, na hiyo ni baada ya mimi kuomba msamaha kwenye mkutano ule ule wa walimu nilipomtangaza, si ofisini mlango umefungwa.

Kwa hiyo sasa kila mtu ana karatasi yenye mistari mitatu: anaamua nini bila kuniuliza, nini ananiambia akishaamua, nini ananiuliza kwanza. Pesa weka kiasi, wa stoo kwetu ananunua mpaka laki mbili bila mimi. Mzazi akija kulalamika msikilize, halafu mwite aliyeamua, mkae watatu. Ukiona kweli aliyeamua amekosea, mwambie mkiwa wawili tu, na abadilishe YEYE. Usibadilishe wewe, hata kama mzazi ndiye aliyenunua mabati ya kanisa. Mtoto akiwa hatarini ndipo unaingilia saa hiyo hiyo.

Hatua ya 5. Jumatatu kabla ya paredi, dakika ishirini, kila aliye na karatasi aseme alichoamua wiki iliyopita. Wewe uongee wa mwisho.

Hatua ya 6. Usianze temu ya tatu. P.7 wana PLE (mtihani wa taifa wa kumaliza msingi) Novemba, hakuna atakayekusikiliza.

MASWALI

Okello_P5: Asante mwalimu. Sasa mimi naanzaje kuwagawia kazi?

Jibu: Hatua ya 1.

Boss_Malaba: Walimu wangu nikitoka getini tu hawafundishi. Nikiwapa mamlaka si watanipanda kichwani

Jibu: Wanafundisha ukiwepo kwa sababu kazi ni yako. Umejijibu mwenyewe.

Boss_Malaba: Sikuomba mahubiri. Nani atachapa watoto, naibu ama matroni??

Jibu: Hakuna. Sheria ya watoto ilirekebishwa 2016, viboko shuleni vimekatazwa. Soma kwanza ndugu yangu ndipo uje na alama mbili za kuuliza.

Nyota_ya_Arua: Mwalimu mimi ni chapleni, si mkuu. Hedimasta wetu anashika kila kitu na ukimgusa anakuambia Neno linasema mtii viongozi. Napitia wapi?

Jibu: Dada swali zuri hilo. Soma Matendo 6 polepole. Kesi ilikuwa ya chakula, wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa, yaani kesi ya jikoni kama zetu. Mitume hawakuchagua wapambe wao, waliwaambia watu wachague saba, wao wakaomba na kuwawekea mikono. Angalia sasa yale majina saba, yote ya Kiyunani. Kazi ilienda kwa upande uliokuwa unalia! Sisi tuliposoma hiyo tukawaachia wapishi wachague mtu wa stoo, wakamchagua yule mama aliyekuwa analalamikia vipimo kila siku, na maharage yakaacha kupungua njiani. Kuhusu kumkaribia mkuu, mwangalie Yethro kwenye Kutoka 18. Alikaa siku nzima anamtazama Musa anavyohukumu asubuhi mpaka jioni, ndipo akauliza kwa nini unakaa peke yako. Na mambo makubwa bado yalibaki kwa Musa, hilo mwambie mapema, wakuu wengi wanaogopa tu kubaki bila kazi. Ukikwama niandikie.

Nyota_ya_Arua: Ubarikiwe. Majina ya Kiyunani sikuwahi kuyaona, na nimeihubiri hiyo sura mara ngapi!

Mama_Stoo: Mmetaja maharage, yetu yanatobolewa na wadudu kabla temu haijafika katikati. Mnafanyaje?

Teacha_Mbale: Mama anika juani yakauke kabisa, halafu weka kwenye madramu ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ujaze mpaka juu, usifungue fungue. Mdudu akikosa hewa anakufa.

Jibu: Na dramu la kula wiki hii liwe pembeni. Kwetu walikuwa wanafungua yote matano kila siku kuangalia kama wadudu wamekufa.

Okello_P5: Mwalimu kwa hiyo hatua ya 1 ni daftari la kawaida ama counter book

Jibu: Okello.