Mimea Pekee Siku Tatu kwa Wiki, Pamoja na Yoga: Hatua kwa Hatua

Mwezi uliopita wifi yangu, ambaye alikuwa ameanza kuhudhuria darasa la yoga la jioni hapa Dar es Salaam, alinijia akilalamika kwamba tangu aanze kuacha nyama na maziwa baadhi ya siku, tumbo lake limekuwa zito kuliko alipokuwa akila pilau ya ng'ombe. Nilimuuliza anakula nini na saa ngapi, na majibu yake yakanirudisha miaka sita nyuma, kwa kuwa makosa yake yalikuwa yale yale niliyoyafanya mimi. Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa. Mwenye mimba, mwenye kisukari na anayetumia dawa za kila siku wazungumze kwanza na daktari wao, kwa sababu kubadili chakula kunaweza kuwadai wabadili na mengine.

Hatua ya kwanza: Chagua siku, usichague milo

Wapo wanaoshauri uache vyakula vya wanyama asubuhi na mchana, kisha ule upendavyo usiku. Mimi sipendelei utaratibu huo, kwa sababu jikoni mwenye familia huishia kupika mara mbili kila siku ya Mungu. Chagua siku kamili; mimi nilichagua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jambo hili si la ajabu wala si geni katika eneo letu la Afrika. Neno ambalo sasa tunalitamka vegani, yaani mtu asiyekula chochote kitokanacho na mnyama, lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, lakini Waorthodoksi wa Ethiopia wamekuwa wakifunga Jumatano na Ijumaa kwa karne nyingi bila nyama, maziwa wala mayai, na ndiyo maana ukiingia katika mkahawa wa Kihabeshi ukaomba chakula cha mfungo, utaletewa injera, ule mkate wao mwembamba na laini, yenye mchuzi wa adesi, rojo ya unga wa dengu na mboga za majani, bila mtu kukuuliza maswali.

Ukiambiwa kwamba huwezi kufanya yoga ipasavyo bila kuacha maziwa kabisa, fahamu kwamba huo ni msimamo wa baadhi ya walimu, si wa yoga yote. Huko India ilikotoka, wapo wengi wanaoshika fundisho la ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, wasile nyama kamwe, na bado wakanywa maziwa na kupikia samli.

Hatua ya pili: Panga mkeka kwanza, chakula kifuate

Alfajiri kabla ya kula chochote ndiyo saa bora. Ikikubidi kufanya jioni, hesabu saa tatu hadi nne tangu mlo mkubwa: darasa la saa kumi na mbili jioni linataka chakula cha mchana kiwe kimekwisha ifikapo saa nane, na baada ya hapo ndizi mbivu moja inatosha. Anza na mizunguko mitatu ya Surya Namaskar, ile salamu ya jua yenye mikao kumi na miwili, umalizie kwa kulala chali kimya dakika tano. Mwezi wa kwanza tafuta mwalimu anayekuona kwa macho, kwa maana video ya simu haitakuambia kwamba goti lako limeingia ndani.

Hatua ya tatu: Uliza mboga imeungwa kwa nini

Nyama huonekana sahanini, lakini vingine hujificha. Chapati hupakwa samli, maandazi hukandwa kwa maziwa, vidonge vya kukolezea mchuzi mara nyingi vina kuku au ng'ombe ndani yake, na mchicha wa mama lishe unaweza kuwa na dagaa kamba waliosagwa hata usiwaone. Kwa hiyo usiulize kama kuna nyama, uliza mboga imeungwa kwa nini. Siagi ya mimea nayo isome kifungashio chake, kwa sababu baadhi huwekwa unga wa maziwa. Soseji za soya zinazouzwa kwa bei ya kuruka sioni haja yake katika nchi yenye kisamvu cha nazi na karanga, ilimradi kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri sana, kwani kikiwa kibichi kina sumu.

Hatua ya nne: Maharage na jamaa zake

Hapa ndipo nilipopotezea muda wangu, na ndipo wifi alipokwama. Siku ya tatu ya jaribio langu nilirudi nyumbani saa tisa alasiri nikiwa na njaa, nikachemsha maharage ambayo hayakulowekwa, nikatia magadi ili yawahi, nikala sahani iliyojaa, na saa kumi na mbili nilikuwa kwenye mkeka. Mwalimu alipotuambia tukae, tuvushe mguu mmoja juu ya mwingine na kulipinda tumbo kuelekea kulia, tumbo langu lilitoa sauti ambayo watu wote kumi na wawili mle ndani waliisikia. Nikajifanya naenda kunywa maji, sikurudi.

Chanzo chake kinajulikana. Jamii ya kunde ina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Hupita zikiwa nzima hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Ukijipinda au ukiinua miguu juu ya kichwa, gesi hiyo hutafuta njia. Kwa hiyo kazi yako ni kuzipunguza sukari hizo kabla hazijakufikia, na kuuzoesha utumbo polepole.

Loweka usiku kwa maji mengi, mara tatu ya ujazo wa punje, kwa saa nane hadi kumi na mbili. Katika joto la Dar badilisha maji mara moja kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utakuta povu jembamba juu na harufu ya uchachu. Maji ya kulowekea yamwage, usiyapikie, hata kama mama mkwe atasema unamwaga utamu. Chemsha kwa maji mapya, na maharage mekundu hasa yatokote kwa nguvu dakika kumi kamili kabla hujapunguza moto, kwa sababu yakiwa hayajaiva yana sumu inayotapisha, ambayo moto hafifu hauiondoi. Magadi nimeyaacha kabisa: ni kweli huwahisha kuiva, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Nunua sufuria ya presha badala yake. Katika vyombo vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya ulaji huu, hicho peke yake sijakijutia. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima hayataiva vizuri hata ukesha nayo, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya msimu gani.

Ili kujua kama yameiva, usiyabonyeze kwa kijiko. Chukua punje moja, iweke ulimini, uisukume kwenye kaakaa bila kutumia meno. Ikisambaratika ikawa uji, imeiva. Ikibaki na kiini kigumu, rudisha motoni.

Kisha kuna mvuje, ule utomvu mkavu wa mmea wenye harufu kali. Wengi wetu tunaujua kwa harufu yake, tukikumbuka bibi zetu walivyowafunga nao watoto ili kuwakinga na vijicho, lakini majirani zetu wenye asili ya Gujarat hutia chembe yake katika mafuta ya moto kabla ya kuunga dengu, kwa ajili ya tumbo. Unapatikana katika maduka ya viungo ya Kisutu, hapa Dar. Tumia kiasi cha ncha ya kisu tu, kwani ukizidisha nyumba nzima itanuka. Ule wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, jambo ambalo asiyepatana na ngano anapaswa kulijua.

La mwisho katika hatua hii ni mpangilio, na huu ndio uliomponya wifi. Wiki mbili za kwanza kula choroko tu, zile ambazo Wakenya huziita ndengu, pamoja na adesi, kwa sababu ni nyepesi. Kiasi kisizidi vijiko vinne vikubwa kwa mlo. Wiki ya tatu ongeza kunde na mbaazi za nazi. Maharage yaje wiki ya tano, na siku za yoga ya jioni yaliwe baada ya mkeka, si kabla yake.

Hatua ya tano: Iondoe chai mezani

Madini ya chuma yaliyomo katika mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzidisha shida hiyo. Isubirishe saa moja. Badala yake kamulia ndimu mchicha wako au kula chungwa, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kufyonza chuma. Ama vitamini B12, mimea haina, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Samaki, mayai na maziwa ya zile siku nne nyingine huweza kukutosheleza. Siku utakapoamua kuacha vyote moja kwa moja, hapo utahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

Hatua ya sita: Shughuli za watu

Ukialikwa biriani ya harusi siku ya Ijumaa, nenda ukale, kisha Jumamosi ndiyo iwe siku yako ya mimea. Wifi alijaribu kumweleza shangazi mwenye shughuli kwa nini hali nyama, na maelezo yakachukua muda mrefu kuliko kula.