Umepangiwa Kazi Mkoa wa Tanga? Zingatia Haya Kabla ya Kufunga Begi

Barua ya ajira ikisema mkoa wa Tanga, usikimbilie kukata tiketi ya Tanga mjini. Mkoa huu una wilaya 8, na kuna mtumishi wa Tanga anayeishi miezi yote bila kuiona bahari. Soma kwanza jina la halmashauri. Bumbuli, kwa mfano, ni halmashauri lakini iko wilaya ya Lushoto, na Korogwe na Handeni kila moja ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Usipoangalia vizuri utaripoti ofisi isiyo yako.

Jina la halmashauri ndilo litakalokuambia ushukie wapi. Ukitokea Dar, wa Handeni huchepukia Mkata. Segera barabara inagawanyika: wa Muheza na Tanga wanashika kulia, wa Korogwe na Lushoto wananyoosha. Wa Lushoto, kama basi lake halipandi hadi Lushoto, anashuka Mombo, anapanda gari jingine la mlimani.

Huko mlimani ndiko wageni wengi huenda hawajajiandaa. Barabara inapita Soni kwa kona zisizoisha, mlima upande huu, korongo upande ule, hivyo kama gari hukusumbua usile sana Mombo. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Juni na Julai blanketi jepesi la Dar halitoshi hata kidogo, beba sweta na soksi nzito. Masika, Machi hadi Mei, udongo huweza kuporomoka ukaziba njia, kwa hiyo piga simu kwa mwenyeji kabla hujaondoka. Chakula kisikutie wasiwasi, kabichi na karoti zimejaa sokoni, na plamu msimu wake ukifika.

Muheza nayo usiipime kwa joto la mjini na machungwa yake. Ukipangiwa Amani, juu kwenye msitu, nunua buti na mwavuli.

Wa Pangani aulize kituo kiko ng'ambo ipi ya mto. Mji uko kaskazini, ila Bweni, Mwera na Mkwaja ziko kusini, na aliyezoea kivuko atakwambia usipange safari za usiku.

Handeni na Kilindi ni nchi kavu zaidi. Kabla ya kulipia chumba, muulize mama wa nyumba ya jirani, si dalali, maji hutoka siku gani, kisha nunua madumu ya kutosha.