Una shahada ya uzamili, uko ughaibuni, unataka kusoma tena: nani atakulipia?

Kila mwezi wa nane, dirisha la Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza kwa masomo ya uzamili, linapofunguliwa, makundi ya WhatsApp ya familia za Moshi na Arusha hujaa viungo vya skolashipu, na vingi vinatumwa kwa yule ndugu aliyeko Leicester, Stuttgart au Minnesota. Nia ni njema. Lakini nyingi ya fedha hizo zimetengwa kwa mtu anayeishi huku nyumbani na ambaye bado hajasoma nje. Wewe umeshaondoka, tena una shahada ya uzamili, kwa hiyo unapimwa kwa vigezo vingine kabisa. Inaniuma kuona mtu anakesha akiandika insha za maombi ambayo yangekataliwa kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu.

Anza na kipengele cha makazi, kwa sababu ndicho kinachowaondoa wanadiaspora wengi. Skolashipu za Jumuiya ya Madola zinazotolewa na Uingereza zinataka mwombaji awe na makazi ya kudumu katika nchi mwanachama inayostahili, kama Tanzania, Kenya au Uganda. Zile zinazoendeshwa kwa ushirikiano na vyuo vikuu zimekuwa kali zaidi: hazimchukui mtu aliyesoma au kufanya kazi mwaka mmoja au zaidi katika nchi tajiri. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, nayo kwa kawaida haipokei mwombaji ambaye, kufikia siku ya mwisho ya maombi, ameshakaa Ujerumani zaidi ya miezi 15. Katika programu zake nyingi za uzamili zinazohusu maendeleo, shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6, na uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Kwa hiyo Mtanzania anayeishi Stuttgart kwa mwaka wa tatu asipoteze muda hapo, ila mdogo wake aliyeko Usa River, Arusha, anaweza kuomba bila wasiwasi.

Cha pili ni uraia, na hapa Watanzania tunabanwa kuliko majirani zetu. Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusu uraia pacha. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unaondoka, na nafasi zote zinazotolewa kwa raia wa Tanzania zinaondoka nao. Hadhi maalumu waliyowekewa kisheria watu wenye asili ya Tanzania haihesabiki kuwa uraia kwenye fomu hizi. Mkenya naye asijione salama moja kwa moja: Chevening haimpokei mwenye uraia wa Uingereza hata akiwa na pasipoti ya Kenya pembeni. Chevening pia inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, inataka urudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya masomo, na haimrudii mtu aliyewahi kusomeshwa Uingereza kwa fedha za serikali ya nchi hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo linalouliziwa zaidi, shahada ya pili ya uzamili. Chukua mfano wa muuguzi aliyetoka Machame, akapata uzamili wake wa kwanza Moshi, akahamia England, na leo ana ukaazi wa kudumu. Anataka kusomea uongozi wa huduma za afya. Kwa ukaazi wake na miaka mitatu ya kuishi nchini humo, angestahili mkopo wa serikali wa uzamili, ambao ni zaidi ya pauni 12,000 kwa kozi nzima, na marejesho yake ni asilimia 6 ya kipato kinachozidi pauni 21,000 kwa mwaka. Lakini haupati. Sheria inasema mwenye uzamili tayari, au shahada iliyo sawa nao, hakopeshwi tena kwa ngazi hiyo, hata kama ule wa kwanza aliupata Moshi na kuulipia kwa jasho lake. Marekani mambo yanafanana: ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell ni ya wanaosoma shahada ya kwanza, basi. Green card, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, haikufungulii ruzuku hiyo kwenye uzamili.

Mlango ulio wazi zaidi kwa shahada ya pili ni Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili kozi za uzamili. Posho yake ni euro 1,400 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24, na kuwa na uzamili mwingine peke yake hakukuzuii. Kinachokuzuia ni kuwa uliwahi kupata ufadhili huohuo. Njia nyingine ni kujilipia mahali ambapo ada ni ndogo. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada. Lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Anayeomba viza ya masomo, hata hivyo, huonyesha akiba katika akaunti maalumu, na tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904 kwa mwaka. Norway ambayo watu wa Moshi bado wanaambiana kuwa ni bure ilianza kutoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023.

Ushauri wangu kwa aliye tayari na uzamili ni huu: kama moyo wako unakubali utafiti, panda uzamivu (PhD). Fedha nyingi ziko huko, na masharti ya uraia na makazi yanalegea sana. Sweden, Norway, Denmark na Uholanzi, nafasi ya uzamivu mara nyingi hutangazwa kama ajira. Unaomba kama unavyoomba kazi, unalipwa mshahara, na kwamba ulishakaa Ulaya miaka mitano hakukupunguzii chochote. Marekani, idara nyingi za sayansi husamehe ada na kulipa posho kwa mwanafunzi wa uzamivu anayefundisha au kusaidia utafiti, wa nchi yoyote. Uingereza, tangu mwaka 2021 mabaraza ya utafiti ya serikali yanapokea wanafunzi wa kigeni hadi asilimia 30 ya nafasi wanazofadhili. Hata yule muuguzi wa Machame, aliyenyimwa mkopo wa uzamili, anaweza kustahili mkopo wa uzamivu.

Usisahau pia kuangalia nyuma. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, nje kidogo ya Arusha, inafundisha uzamili na uzamivu tu, na imekuwa ikipokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. DAAD inao mpango wa kusomesha watu ndani ya vyuo vya Afrika. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu yake hapa Arusha, imekuwa na skolashipu za uzamili kwa fedha za Ujerumani, kwa sharti kwamba raia wa nchi mwanachama asome katika nchi mwanachama nyingine. Mkenya aliyechoka na baridi ya Minnesota anaweza kuja Tanzania kwa njia hiyo, Mtanzania akaenda Kampala. Ukiwa na shahada ya nje na unataka kujiunga na chuo cha Tanzania, peleka mapema kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) maombi ya kuitambua shahada hiyo, kwa kuwa bila hilo udahili wako unaweza kukwama.

Kabla ya kutia sahihi, pima sharti la kurudi. Fulbright, skolashipu ya serikali ya Marekani, inakuleta Marekani kwa viza ya J-1, na ukimaliza unatakiwa kukaa nchini kwako miaka miwili kabla ya kupata green card au viza nyingi za kazi. Kwa kijana asiye na familia ni sharti jepesi. Kwa mama mwenye watoto shuleni Minnesota, mume na mkopo wa nyumba, lizungumzwe mezani kabla fomu haijafunguliwa.

Vyeti huchelewesha watu kuliko insha. Vyuo vingi vya nje hutaka transkripti itoke moja kwa moja kwenye chuo chako, kwa hiyo mtume ndugu Moshi na barua ya idhini pamoja na nakala ya pasipoti yako, naye afuatilie ana kwa ana. Angalia majina: kama cheti cha kidato cha nne kina jina la baba na pasipoti ina jina la mume, muone wakili akuandalie hati ya kiapo. Chevening na Jumuiya ya Madola kwa kawaida hufunga mwezi wa kumi au mwanzoni mwa wa kumi na moja, na kozi nyingi za Erasmus Mundus hufunga kati ya Desemba na Februari, hivyo ndugu wa kufuatilia transkripti atumwe si baada ya mwezi wa sita.