Namna ya Kuchambua Ukosoaji wa Jamii Kupitia Mhusika wa Tabaka la Juu

Wachambuzi wengi wanapokutana na tajiri katika tamthilia humwita katili, kisha hufunga uchambuzi. Hukumu hiyo, hata ikiwa ya haki, haituambii jinsi mwandishi anavyoikosoa jamii. Hapa nitatumia An Inspector Calls ya J. B. Priestley, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945, ingawa matukio yake yanatokea Uingereza mwaka 1912, nyumbani kwa mwenye kiwanda Arthur Birling.

Hatua ya kwanza: tazama anachokifaidi mhusika tajiri na nani anakigharimia. Pazia linapofunguka, familia inasherehekea uchumba wa binti, huku Edna, mtumishi wa ndani, akiondoa vyombo mezani. Usiyaruke maelekezo ya jukwaani, kwani matabaka huonekana humo kabla hayajatajwa.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo nzito kuliko zote: pima kauli zake kwa yale ambayo hadhira inayajua. Birling anatangaza kwamba vita havitatokea na kwamba meli ya Titanic haiwezi kuzama, ilhali watazamaji wa mwaka 1945 walikuwa wametoka katika vita vya pili vya dunia. Kinaya hiki hakikusudii kumchekesha mtazamaji tu. Mtu aliyekosea kuhusu meli na vita ndiye anayewafundisha vijana kwamba kila mtu ajijali mwenyewe na jamaa yake, hivyo fundisho hilo linapoteza nguvu kabla ya yeyote kulipinga.

Hatua ya tatu: linganisha kauli na kitendo. Birling alimfukuza kazi Eva Smith, msichana aliyefanya kazi kiwandani mwake, kwa sababu Eva na wenzake walidai wastani wa shilingi 25 kwa wiki badala ya 22 na nusu, na hata baada ya kuelezwa kwamba msichana huyo amekufa, anachohofia zaidi ni kashfa itakayomkosesha cheo cha heshima.

Hatua ya nne: mtafute aliye wa tabaka lilelile lakini anayebadilika. Sheila, bintiye Birling, naye alisababisha Eva afukuzwe dukani, na anakiri hivyo. Kwa maoni yangu, lawama yake ina uzito wa pekee kwa kuwa anaanza kujilaumu mwenyewe ndipo awageukie wazazi wake.

Unapoandika aya yako, tanguliza kitendo, kifuatiwe na kauli inayopingana nacho. Dhamira, iwe ubinafsi au unyonyaji, itajwe baada ya ushahidi huo.