Kupima wingi wa damu ya hedhi kwa chati ya picha: mwongozo kwa watafiti wa Uganda

Chati ya picha ya kukadiria damu ya hedhi, ambapo mwanamke huchagua picha inayofanana na pedi aliyoivua, ilichapishwa Uingereza mwaka 1990, ikitegemea pedi na tamponi (vizibo vya kunyonya damu vinavyowekwa ukeni) za huko. Ukiipeleka Masaka au Gulu kama ilivyo, utarudi na namba tupu. Washiriki wako wanatumia lesu kuukuu, pedi za kufua kama AFRIpads, au MakaPads zilizobuniwa Makerere kwa mafunjo, na kila kimoja hunyonya kivyake.

Alama za asili ni hizi: pedi yenye doa dogo 1, iliyoloa kiasi 5, iliyoloa yote 20. Tamponi ni 1, 5 na 10. Bonge dogo la damu 1, kubwa 5. Damu ikivuja hadi kwenye nguo, 5. Hedhi nzima ikifikisha 100, inakadiriwa kuwa mshiriki amepoteza zaidi ya mililita 80, kiwango ambacho watafiti hukiita hedhi nzito. Ukubwa wa mabonge ulilinganishwa na sarafu za Waingereza, kwa hiyo kwenye chati yako chora duara badala yake: moja la milimita 20, jingine la 30.

Kazi yenyewe ni kuoanisha chati na vitambaa. Waombe wanawake wa eneo lenyewe wakuonyeshe wanavyokunja lesu, maana mikunjo minne hubeba zaidi ya miwili. Kwa bomba la sindano, dondoshea katikati polepole mililita 1, 5, 10, kisha 20, kila kiasi kwenye kipande chake. Subiri dakika 10, piga picha pembeni ya rula. Usitumie maji ya rangi. Hupenya na kusambaa upesi kuliko damu. Omba benki ya damu ikupe damu iliyopita muda wake, ukiwa na kibali, vaa glavu, na damu yoyote ikimwagika, isafishe kwa Jik. Kitambaa cheusi au chekundu huficha doa, kwa hiyo bajeti ikiruhusu, wape washiriki wote pedi nyeupe za aina moja. Sisi tungechagua njia hiyo kila mara.

Kabla ya yote hayo, pata idhini ya kamati ya maadili, kisha usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Fomu ya ridhaa iwe katika lugha anayoielewa mshiriki, iwe Kiganda, Kiacholi au Kiswahili.

Chati ijazwe kila anapobadilisha. Ikijazwa mwisho wa mwezi kwa kukumbuka, siku nzito huongezwa na nyepesi husahaulika. Anayevaa pedi juu ya kitambaa ahesabu vyote viwili. Palipo na uhaba wa maji, pedi moja huvaliwa kutwa nzima. Andika saa ya kubadilisha, la sivyo utadhani damu ni chache. Na chati isiwe na jina wala kichwa cha habari: wengine wanalala chumba kimoja na shemeji au wakwe.

Pima hemoglobini pia, yaani kiwango cha damu mwilini. Kabale iko juu kuliko Kampala, hivyo rekebisha matokeo kwa mwinuko kabla ya kulinganisha na kikomo cha upungufu wa damu, gramu 12 kwa desilita.

Anayelowesha pedi nzima kila saa kwa zaidi ya saa mbili, au mwenye hemoglobini chini ya 8, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akapimwe ujauzito kwanza. Nauli ya rufaa iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.