Namba ya simu iwe yako, si ya mwenye stationari

Mdogo wangu alijaziwa maombi ya udaktari ya chuo kikuu kwenye kibanda cha stationari pale Mwanjelwa, Mbeya. Kijana wa kompyuta akaweka namba yake mwenyewe. Dogo akachaguliwa vyuo viwili, ila namba maalum ya kuthibitisha ikaingia kwenye simu ya yule kijana. Tulimsaka siku mbili! Ukipata zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kabla dirisha la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) halijafungwa.

Halafu zile pointi 6 za PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwenye mwongozo wa TCU zinakuruhusu kuomba udaktari tu, si kuchaguliwa. Pointi 6 ni D tatu, na D tatu mbele ya wenye A na B, sijui. Udaktari wa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kwenye tawi lake la hapa Mbeya weka chaguo la kwanza, sawa, ila machaguo yanayofuata yasiwe udaktari tena.