Kuchagua Matairi ya Tyubula kwa Barabara za Tabora

Mtu aliyenunua baiskeli ya mbio ya mtumba mjini Tabora mara nyingi hutambua aina ya matairi aliyonayo siku anapopata pancha ya kwanza. Fundi aliyekaa chini ya mwembe hupenyeza vyuma vyake ukingoni mwa ringi, huvikandamiza mara mbili tatu, kisha huinua kichwa na kuuliza tairi hili limefungwaje. Halikufungwa, limegundishwa. Hilo ndilo tairi la tyubula: tyubu imezungushiwa kitambaa cha nyuzi kilichoshonwa upande wa ndani kama mfuko, mshono ukafunikwa kwa utepe, na tairi zima likabandikwa juu ya ringi isiyo na kingo za kulishika. Ringi ya namna hiyo haipokei tairi la kawaida, wala ringi ya kawaida haipokei tyubula, hivyo kabla ya kutoa fedha yoyote itazame kwanza ringi yenyewe.

Kero hii ni ya zamani. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwaka 1888, na matairi ya wakati ule yalibandikwa kwenye ringi. Kazi ya kuyabandua, kuyaziba na kungoja gundi ikauke ndiyo iliyowasukuma ndugu Michelin wa Ufaransa kutoa tairi la kufunguka mwaka 1891, na mwaka huohuo Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris–Brest–Paris. Hata hivyo waendeshaji wa mashindano walibaki na tyubula kwa miaka mingi sana, na ni katika miaka ya karibuni tu timu kubwa zimehamia kwa wingi kwenye tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani. Kwa hiyo sitamshauri mtu anayekwenda kazini na kurudi aanze leo kununua ringi za tyubula. Ninamwandikia yule ambaye tayari anazo, tena nzima, na anataka matairi yatakayodumu bila kumvunja kiuno.

Starehe ya tyubula inatokana na mambo mawili. Tairi ni duara kamili, hivyo hubonyea kwa usawa linapokanyaga kokoto. Pili, ringi haina kingo kali za kuibana tyubu pale gurudumu linapotumbukia shimoni, kwa hiyo unaweza kupunguza upepo kuliko ambavyo ungethubutu kwenye tairi la kawaida. Zaidi ya hayo, likipata pancha katika mwendo, tairi lililobandikwa vizuri hubaki mahali pake mpaka usimame. Faida hizo zote zinapotea kwa mtu anayejaza upepo hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Kiwango hicho ni mwisho wa uvumilivu wa tairi, si ushauri wa namna ya kuliendesha.

Kuhusu kudumu, jiulize kwanza ni kitu gani kinachoua matairi katika barabara zako. Ukitoka mjini kuelekea Nzega au Urambo, lami yenyewe si adui mkubwa. Hatari iko pembeni, unapolisogea bega la barabara kulipisha lori. Huko kuna mchanga, miiba ya migunga, mbigili wakati wa kiangazi, na vile vipande vyembamba vya waya vinavyomwagwa na matairi ya malori yaliyopasuka. Waya hizo ni mbaya kuliko miiba, kwa sababu huingia taratibu, zunguko baada ya zunguko, na wewe hujui mpaka upepo umekwisha. Kwa hiyo tafuta tairi lenye tabaka la kinga kati ya mpira wa juu na kitambaa, na lenye mpira wa juu wa unene wa kutosha. Michoro ya juu ya tairi isikuhangaishe, kwani kwenye lami tairi lisilo na michoro linashika vizuri hata likiwa limelowa.

Kitambaa ndicho kinachoamua ulaini. Watengenezaji hutaja idadi ya nyuzi kwa inchi, na kadiri nyuzi zinavyokuwa nyembamba na nyingi ndivyo tairi linavyokunjika kwa urahisi. Ila wengine hujumlisha nyuzi za matabaka yote, hivyo namba ya kampuni moja isilinganishwe kijuujuu na ya nyingine. Pamba ni laini kuliko nailoni, lakini huchukia unyevu. Baiskeli inayowekwa kwenye banda linalovuja kuanzia Novemba hadi Aprili itaozesha pamba ubavuni huku mpira wa juu ukiwa bado mpya. Tyubu nayo ni ya lateksi au ya butili, aina mbili za mpira. Lateksi huviringika kwa wepesi zaidi na huvumilia kuchomwa kidogo, lakini inapoteza upepo usiku kucha, na asubuhi lazima pampu iwepo. Butili hukaa na upepo kwa siku kadhaa.

Kwa mfano, Vittoria Corsa ni tairi la pamba na lateksi: tamu kweli, na ningelitumia siku ya mashindano. Continental Competition lina tyubu ya butili na tabaka la kinga la Vectran, yaani nyuzi imara za bandia. Ni gumu kidogo mkononi, lakini ndilo ningeliweka kwenye gurudumu la nyuma, ambalo hubeba uzito mkubwa zaidi na kuisha mapema. Tufo, ya Jamhuri ya Cheki, hutengeneza matairi yasiyo na mshono kabisa, tyubu ikiwa imeungana na kitambaa. Hilo maana yake fundi hawezi kulifumua na kulitia kiraka. Tegemeo lako ni dawa ya kuziba pancha. Kwa mbigili, ambao tundu lake ni dogo, dawa hiyo hufanya kazi vizuri kwa tairi lolote la tyubula, mradi valvu iwe ya aina ambayo kiini chake hufunguka. Jambo hili dogo liulizie kabla ya kununua. Bila valvu ya namna hiyo dawa haina pa kupitia.

Upana ndiyo starehe ya bei nafuu kuliko zote. Kama baiskeli inaruhusu, chukua milimita 28. Kama breki au foku ni finyu, chukua 25, na hakikisha panabaki nafasi ya milimita 4 hivi pande zote, maana mchanga uliolowa hunasa kwenye tairi na kukwangua fremu. Mtu wa kilo 70 anaweza kuanza na upepo wa bar 5.5 hivi (kama pampu inavyoonyesha) kwenye tairi la milimita 28, yaani karibu psi 80, au bar 6.5 kwenye la 25, nyuma ikizidi mbele kidogo, lakini asishuke chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye tairi. Kisha apunguze kidogo kidogo hadi mikono iache kufa ganzi, na aishie hapo kabla tairi halijaanza kuyumba kwenye kona.

Tairi likifika, usilifunge bila kulikagua, hasa kama lilikaa dukani muda mrefu. Likunje ubavu mbele ya mwanga: nyufa ndogo kama za udongo uliokauka ni ishara kwamba mpira umechoka. Pitisha kidole juu ya utepe wa ndani uone kama umeinuka popote. Kisha lijaze upepo kidogo likiwa mkononi, ulizungushe. Likipindapinda kama nyoka, mshono wake haukunyooka, na gundi haitalinyoosha.

Tairi jema lililobandikwa vibaya ni hatari kuliko tairi bovu, na hili nililijifunza kwa ngozi ya kiwiko. Fundi mmoja alinibandikia tairi la mbele kwa gundi ya viatu, nami sikumuuliza. Lilikaa vizuri wiki mbili. Siku ya tatu ya jua kali, baada ya baiskeli kushinda imeegemea ukuta wa bati, nilikata kona nikielekea nyumbani na tairi likaniachia ringi. Gundi ile ilikuwa imelainika kama ubani uliotafunwa. Tangu hapo natumia gundi iliyotengenezwa kwa kazi hii tu, kama Mastik One ya Vittoria, na tairi lenyewe nalinunua pamoja na gundi yake ili nisije nikashawishika kutafuta mbadala sokoni. Mwendeshaji wa Kigoma anayeshuka vilima kuelekea ziwani ana sababu moja zaidi, kwani breki za kubana ringi huipasha moto, na joto hilo huenda moja kwa moja kwenye gundi.

Utaratibu si mgumu, ila hautaki haraka. Livalishe tairi kwenye ringi kavu bila gundi, lijaze upepo, uliache siku mbili au zaidi litanuke. Safisha ringi ya aluminiamu kwa asetoni. Paka gundi nyembamba kwenye ringi na kwenye utepe wa tairi, uache usiku mzima, kisha paka ringi tena. Siku ya kubandika paka safu ya mwisho kwenye ringi, ngoja dakika chache mpaka inate kidoleni, ingiza valvu kwanza, kisha shuka na tairi kwa mikono miwili pande zote huku ukilivuta kwa nguvu kuelekea chini. Linyooshe, lijaze upepo, na usilipande kabla ya saa 24. Baada ya hapo, toa upepo na usukume ubavu kwa vidole gumba: ukiona mwanya kati ya utepe na ringi, rudia.

Nunua matairi matatu, si mawili. Tairi la akiba liwe lililowahi kubandikwa, lenye gundi ya zamani, kwa sababu hilo hushika kiasi cha kukufikisha nyumbani taratibu bila kukata kona kwa kasi. Jipya lililo kavu halishiki, na pia halivaliki kwa mikono ya mtu aliyechoka. Lifunge chini ya kiti ndani ya kitambaa, na kila mwezi ulifungue ulikunje upya mahali pengine, la sivyo litapasuka kwenye mkunjo hata kabla halijakanyaga barabara.